Mbuyu, Mnara na Nahodha wa Kunduchi

Kuanzia Mbweni na Kunduchi, Kinondoni, hadi Mjimwema, upande uliokuwa wa Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya, nahodha huutafuta mwamba wenye changu kwa kutazama nchi kavu. Huchagua vitu viwili, tuseme mbuyu ulio karibu na maji na mnara wa msikiti ulio nyuma yake, kisha huendesha chombo mpaka mnara usimame sawasawa mgongoni mwa mbuyu. Hapo ameshika mstari mmoja. Wa pili huupata ubavuni, kwa kulinganisha ncha ya kisiwa cha Mbudya na kitu kingine. Mistari ikikutana, nanga inashuka. Baba humwonyesha mwana, mjomba humwonyesha mpwa, na basi. Alama zenyewe ni siri ya ukoo, ndiyo maana hapa nataja za mfano tu.

Mwezi nao husomwa. Ukiandama, na tena ukiwa mpevu, linakuja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita 3. Siku hizo kina mama hushuka miambani kuchokoa pweza, na nahodha hukaa mbali na Fungu Yasini, kwani alikopita asubuhi mchana huweza kuwa mchanga mtupu. Alfajiri umande, yaani upepo mwanana kutoka bara, huitoa ngalawa nje. Mchana upepo ukigeuka, huirudisha. Kusi ikikaza, Juni na Julai, mwenye busara huacha chombo ufukoni hata akijua samaki wapo.

Vijana sasa wana simu zenye ramani, na nawaunga mkono. Mvua ikiifunika pwani, mbuyu hauonekani wala mnara, na ramani hiyo huokoa roho. Lakini inakuonyesha ulipo, haikuambii kwamba baada ya saa moja upepo utageuka na mkondo utakuwa unakuvuta upande mwingine. Hilo anakuambia mzee aliyekaa tezi miaka mingi, naye hufundisha mkiwa chomboni, kwa kukunyoshea kidole.

Kinachoniuma kiko nchi kavu. Mbuyu ukikatwa kupisha ukuta wa nyumba ya ufukweni, mwenye kiwanja huona kivuli kimeondoka. Madikoni watu wamepoteza mstari mzima. Manahodha hutafuta alama mpya, minara ya simu na maghorofa ya Posta katikati ya jiji, nayo inafaa vizuri kwa walio mbali na pwani. Karibu na miamba hali ni ngumu zaidi, hasa usiku: taa zimejaa ufukoni kiasi kwamba kuiteua moja ni kazi.

Visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, vimehifadhiwa kisheria tangu 1975, na ni vema. Mibuyu ya ufukoni haina ulinzi wa namna hiyo. Maofisa wa mipango miji, kabla hawajagonga muhuri kwenye kibali cha ujenzi, washuke dikoni wawaulize wazee ni miti ipi isiguswe.