Dawa ya Mjomba Hutoka Wapi?

Kwetu ni Mgeta, juu katika milima ya Uluguru. Yafaa nianze na habari za mjomba wangu, maana kwetu Waluguru mjomba ni mtu mkubwa: ukoo hufuata upande wa mama, na shauri la nyumba haliamuliwi bila yeye. Mjomba ana maradhi ya akili. Akipata sindano yake ya kila mwezi hulima kabichi zake kama mtu yeyote. Akiikosa, huanza kusema usiku na watu wasioonekana, kisha hutoka nyumbani.

Mwaka jana aliikosa miezi 2, kwa kuwa zahanati haikuwa nayo, na nauli ya kwenda Morogoro mjini hatukuwa nayo. Tulimkuta Sangasanga, kwenye njia panda, hana viatu.

Basi nikataka kujua ni nani wa kuulizwa. Mwalimu wetu wa Uraia alinieleza hivi: Wizara ya Afya hutunga sera na kupanga dawa za kila ngazi ya matibabu, na Bunge hutunga sheria. Lakini zahanati iko chini ya halmashauri ya wilaya. Zahanati huagiza, halmashauri hukagua, na Bohari ya Dawa huleta. Dawa isipoagizwa huku chini, sheria ya Dodoma haiwezi kuijaza kabati ya zahanati.

Na sheria tunayo. Zamani wagonjwa wengi walipelekwa Mirembe, Dodoma, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1927. Katika miaka ya 1980 Serikali, ikisaidiwa na Denmark na Shirika la Afya Duniani, ilijaribu njia nyingine katika mikoa 2, Kilimanjaro na huu wetu wa Morogoro: wafanyakazi wa zahanati walifundishwa kuwatibu watu hao karibu na kwao. (Nilifurahi kusikia kwamba jambo hili lilijaribiwa kwetu kwanza.) Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi 3. Mama alisimama akasema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba dawa ya kaka yangu iandikwe." Wengine walicheka. Ndipo mzee mmoja akasema kwamba mwanawe ana kifafa, naye hukosa vidonge. Wakasimama wengine 4, na kicheko kikaisha. Mtendaji aliyaandika yote katika muhtasari, na diwani akaupeleka halmashauri.

Vidonge vya kifafa vilifika baada ya miezi michache. Sindano bado. Kila mwisho wa mwezi Mama humshusha mjomba mjini kwa lori la kabichi, na jina la dawa ameliandika kwenye karatasi, akaifunga katika pindo la khanga yake, ili asilisahau mkutano ujao.