Umasikini na Maradhi ya Kusahau kwa Wanachama Wazee

Katika vyama vingi hutokea mwanachama mzee, aliyekuwa mwaminifu wa hesabu miaka yote, akadai kuwa hakupokea fedha alizozitilia dole gumba wiki iliyopita. Wenziwe humwita mlaghai. Wengine husema amerogwa. Huenda ni mgonjwa. Maradhi hayo huitwa demensia: ubongo huharibika polepole, na kumbukumbu, hesabu na uamuzi hupungua. Si usahaulifu wa kawaida wa uzee.

Maradhi haya hayawapati watu kwa usawa. Mwaka 2021 wagonjwa duniani walikuwa wapatao milioni 57, na zaidi ya asilimia 60 yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 yangeweza kuzuilika au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo uhaba wa elimu, shinikizo la damu, kisukari, uziwi, uoni hafifu na upweke.

Mengi ya mambo hayo humwandama masikini. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Wengi waliokwishapita umri wa skuli, hasa wanawake wa mashamba, hawakuipata. Elimu huuwekea ubongo akiba, mfano wa akiba ya chama: mwenye nayo hustahimili hasara kwa muda mrefu zaidi. Aidha, mkulima wa mwani wa Paje akifuata matibabu mjini hupoteza nauli na kazi ya bamvua, ilhali mkaazi wa Mji Mkongwe huenda Mnazi Mmoja kwa miguu. Shinikizo lisilotibiwa huharibu mishipa ya ubongo kimyakimya.

Tangu Aprili 2016 wazee wa miaka 70 na zaidi wana Pensheni Jamii. Fedha hizo, pamoja na hisa za chama, zahitaji ulinzi. Hivyo basi, yafaa kila chama kifanye yafuatayo:

1. Katibu asome stakabadhi kwa sauti mbele ya mzee na shahidi aliyemchagua mwenyewe.

2. Mzee anayechanganya hesabu asifukuzwe wala hisa zake zisiuzwe. Jamaa zake waitwe, naye apelekwe kituo cha afya, kwani baadhi ya sababu za kusahau hutibika.

3. Mkutano mkuu uombe mhudumu wa afya awapime wanachama shinikizo la damu.

Ushirika uliundwa ili mnyonge asidhulumiwe. Mzee aliyesahau hisa zake bado ni mwenye hisa.