Muzee Anayesahau Analala Kwa Nani? Namna ya Kujua Nyumba Inayomutunza Vizuri



Kila siku ya kupimisha watoto munaona namna kazi inafanyika. Mutoto anawekwa kwa kilo, muganga anaandika kwa karte, na karte inasema kweli hata kama mama anasema "mutoto hana shida". Leo tunataka kuzungumuza juu ya mutu mwingine wa nyumbani, ambaye hana karte. Ni mama yako ao baba yako muzee anayesahau.

Wengi kati yenu munajua shida hii. Mama muzee anaweka sombe kwa moto na kuisahau mpaka inaungua. Anauliza neno moja mara kumi. Anatoka usiku na kusema anaenda kwa shamba lililouzwa zamani. Anaita binti yake kwa jina la dada yake aliyekufa. Kisha siku inafika na wewe binti hauwezi tena peke yako: umekaribia kuzaa, shamba liko mbali, ao vita imewatawanya. Munamupeleka kwa ndugu. Swali letu ni hili: utajua namna gani kama nyumba ile inamutunza vizuri?

UGONJWA HUU NI NINI

Ni ugonjwa wa ubongo. Pole pole sehemu za ubongo zinakufa, na mutu anapoteza kumbukumbu, maneno, njia, na mwisho hata namna ya kula na kuenda choo. Aina yake inayoonekana zaidi inaitwa Alzheimer, kwa jina la muganga Mujerumani aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na magonjwa ya namna hii, na zaidi ya nusu yao wako katika inchi zenye mali kidogo ao ya katikati, kama yetu. Basi si ugonjwa wa Wazungu. Na si uchawi. Muzee anayetembea usiku na kusema peke yake hali mutu. Ubongo wake ndio unaliwa na ugonjwa. Dawa ya kuuponyesha haijapatikana. Matunzo mazuri ndiyo dawa tuliyo nayo.

Lakini muangalie jambo moja. Kama muzee alikuwa na akili nzuri juzi, na leo anachanganyikiwa gafula, hilo ni jambo lingine. Inaweza kuwa malaria, ugonjwa wa mapafu, ugonjwa wa mukojo, kukosa mayi mwilini, ao dawa aliyomeza. Musingoje. Mumulete hospitali siku ile ile, kwa sababu mara nyingi mambo hayo yanatibiwa na akili inarudi.

NYUMBA YA MABATI

Mimi ninafundisha wanafunzi wa uganga, lakini kwa jambo hili nilikosea mimi mwenyewe. Mama yangu alipoanza kupotea njia, mimi na ndugu zangu tulimupeleka kwa jamaa mumoja katika muji mwingine. Nyumba ilikuwa ya mabati na saruji, kiwanja safi. Kila mara kabla ya kumutembelea nilituma habari: "Nitafika siku ya posho." Nilimukuta mama amenawishwa, amevaa kikwembe kizuri, wali na nyama mezani. Waliniambia: "Mama iko muzuri, anakulaka, analalaka, hana shida." Nilishukuru, nikarudi kazini na moyo mweupe.

Siku moja kazi ilinipitisha kule bila kutuma habari. Nilikuta mama katika chumba cha nyuma. Mulango ulifungwa kwa kamba toka inje. Mukeka ulikuwa umelowa, kopo la mayi lilikuwa kavu. Nilipomugeuza niliona kidonda kwa nyonga, cheusi katikati. Kidonda cha namna ile hakiji kwa siku moja. Bibi wa nyumba akaanza kulia. Alikuwa na watoto sita, hakulala vizuri kwa miezi mingi, na hakuna mutu aliyemueleza ugonjwa ule ni nini. Sisi watoto wa mama hatukumupa hata sabuni.

Tulimurudisha mama nyumbani. Kidonda kilikaa miezi mine kabla ya kupona. Tangu siku ile ninajua kwamba sikuwa nimeangalia mama yangu. Nilikuwa nimeangalia mabati.

KWANZA ANGALIA MWILI WAKE

Mwili wa muzee ni karte yake. Ukifika, salimia watu wa nyumba kwa heshima, kisha omba kumunawisha wewe mwenyewe. Hakuna atakayekataa binti kunawisha mama yake. Ukikataliwa, umepata jibu.

Ukimunawisha angalia visigino, nyonga, na chini ya mugongo. Fasi ikiwa nyekundu na haibadiliki unapoigusa, kidonda kinaanza. Inaonyesha kwamba analala upande mumoja saa nyingi bila kugeuzwa. Mutu asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa karibu kila saa mbili, na mukojo usikae kwa ngozi. Angalia mikono na miguu kama kuna alama ya kamba. Angalia makucha, kinywa na meno. Ulimi ukikauka na mukojo ukiwa mweusi kama chai, hanywi mayi ya kutosha. Muzee hasikii kiu sana, na huyu anasahau hata kuomba. Kumuwekea kopo karibu hakutoshi. Inafaa mutu amupe mukononi mara kwa mara.

Angalia pia kikwembe chake. Kama mwezi uliopita kilimutosha na leo kinamuanguka kiunoni, anakonda. Uliza anakulaka saa ngapi na nani anakaa naye. Wengine wanawekewa bugali na maharagi mbele yao, hawajui tena kwamba ni chakula, kisha sahani inaondolewa na watu wanasema "amekataa". Hakukataa. Alikosa mukono wa kumuanzishia.

PILI ULIZA JUU YA USIKU

Muchana nyumba nyingi ni nzuri. Usiku ndio unapima nyumba. Uliza: nani analala karibu naye? Akiamuka kutafuta choo, nani anamusindikiza? Kuna taa? Mto uko mbali ao karibu? Muzee anayetembea usiku karibu na mto kama Oso anaweza kupotea kwa muda mufupi.

Watu wengine wanamufunga kamba ili asitoke. Tunaelewa woga wao, lakini kamba inaleta vidonda, inamutia hofu, na nyumba ikishika moto atakufa ndani. Kuna njia ingine: mutundike makopo mawili matupu kwa mulango, akifungua yatalia na mutu ataamuka. Muchana mumutembeze na kumupa kazi, ili usiku achoke na kulala.

Wengine wanamupa diazepamu ya sokoni ili anyamaze. Ukikuta mama amelala muchana kutwa, hawezi kufungua macho vizuri, anayumba, uliza amemeza nini. Dawa za usingizi zinaangusha wazee na kuvunja mifupa, na zinaharibu akili zaidi. Muzee asimeze dawa yoyote ya namna hiyo bila muganga kujua. Lakini kama ana dawa ya tansio, uliza nani anamumezesha, na uhesabu vidonge vilivyobaki.

TATU SIKILIZA NAMNA WANAVYOMUSEMESHA

Kaa kimya saa moja katika nyumba ile. Wanamuita kwa jina lake, "mama fulani", ao wanasema "ule muzee", "ule muchawi"? Watoto wanamucheka? Akiuliza neno moja mara ya kumi, wanamujibu pole pole ao wanamupigia kelele? Akikunja mwili wakati mutu fulani anaingia, usisahau uso wa mutu yule.

Uliza pia luga. Mutu mwenye ugonjwa huu anaweza kupoteza mbele luga aliyojifunza nyuma. Mama aliyesema Kiswahili miaka makumi tano anaweza kurudi kwa Kinyanga ao Kihunde cha utoto wake tu. Kama amepelekwa muji ambapo hakuna mutu anayeelewa luga hiyo, hawezi hata kusema kwamba ana njaa ao tumbo linamuuma. Watasema "anapiga kelele bure". Nyumba ndogo ya majani yenye mutu anayesikia luga yake ni bora kuliko nyumba kubwa asiposikilizwa.

Uliza kama anapewa kazi. Kuchambua maharagi, kutwanga kidogo, kubeba mutoto akiwa ameketi. Mikono inakumbuka kile ambacho kichwa kimesahau. Nyumba nzuri haimuachi ameketi kama gunia.

INE: SIKU YA MASASI NANI ATAMUBEBA?

Swali hili halimo katika vitabu vya inje, lakini sisi wa Pinga tunapaswa kuliuliza. Watu wanakumbuka mwaka 2013, wakati vita ilikimbiza jamaa nyingi, na mwezi wa nane Médecins Sans Frontières walifunga kazi yao hapa kwa sababu ya vitisho. Ukiacha mama Kalembe, Mpeti ao Goma, uliza waziwazi: masasi yakilia, nani atamushika mukono? Kama hawezi kutembea, kipoyi kiko wapi na wanaume gani watakibeba? Nyumba isiyokuwa na jina la kujibu itamuacha. Si kwa ubaya. Kila mutu atabeba mutoto wake. Basi jina lipangwe mbele. Na mumushonee kitambaa ndani ya kikwembe chenye jina lake na jina la jamaa yake, maana akipotea njiani hataweza kujieleza.

NYUMBA ZA WAZEE FASI ZINGINE

Katika muji wa Nairobi masista wana nyumba inayoitwa Nyumba ya Wazee. Tanzania serikali ina makazi ya wazee kama Kolandoto huko Shinyanga na Nunge huko Kigamboni. Huku kwetu nyumba ya ndugu ndiyo nyumba ya wazee, lakini maswali ni yale yale. Uingereza, wapimaji wa serikali huingia katika nyumba za wazee bila kutuma habari mbele, kisha wanaandika waliyoyaona ili kila mutu asome. Ninyi ndio wapimaji wa nyumba zenu. Mupite siku ya soko, mupite asubui, mupite jioni. Kama wewe hauwezi, mutume dada ao jirani anayepita.

Muangalie sana chumba cha maombi ambapo wazee wanafungishwa chakula na mayi ili "pepo itoke". Maombi hayaui mutu, lakini kiu inaua. Kama nyumba inakataza mama kula, kunywa ao kumeza dawa, hiyo si nyumba ya kumuacha.

ANAYETUNZA NAYE ATUNZWE

Ukirudi kwa hadisi yangu, yule bibi hakuwa mutu mubaya. Alichoka. Mutu anayetunza muzee wa namna hii bila kupumuzika, hata akiwa na moyo mwema, siku moja atapiga. Kwa hiyo angalia uso wake pia. Anapata siku ya kupumuzika? Amelala? Usimutembelee na mikono mitupu: leta sabuni, maharagi, mafuta ya mawese, vikwembe vizee vya kutandika. Kaa na mama siku nzima ili yeye aende soko ao kanisa. Ndugu wote wagawane kazi, hata wanaume. Na mumueleze kwamba mama hafanyi makusudi.

DALILI ZA HATARI

Munajua dalili za hatari za mimba. Za muzee anayetunzwa ni hizi:

1. Kidonda cha kulala, ao alama ya kamba ao ya fimbo.
2. Anakonda, ao ulimi ni mukavu.
3. Analala kila wakati, hawezi kuamuka vizuri.
4. Anaogopa mutu mumoja wa nyumba.
5. Hawataki umuone peke yako, ao umunawishe.
6. Wanamuita muchawi.

Ukiona moja, mulete kwanza kwa kituo cha afya ao hospitali, hata kama hakuna franka mukononi, tutazungumuza. Kisha uite jamaa na wazee waketi pamoja. Usianze na kelele, maana ukigombana na kuondoka, mama ndiye anabaki na hasira yao. Lakini kama ni kupigwa, kukatazwa chakula ao kuitwa muchawi, usimuache kulala pale hata usiku mumoja.

Yeye atasahau kwamba ulifika. Pengine hata jina lako atalisahau. Lakini mwili wake utajua kwamba umenawishwa, umekula, umelala fasi kavu. Basi juma hili, pita bila kutuma habari.