Safari ya Baiskeli ya Kulala Porini kwa Mtumiaji wa Insulini

Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini hakatazwi kusafiri kwa baiskeli na kulala porini. Hata hivyo, hatari haiishii njiani. Humfuata msafiri hadi hemani.

Misuli iliyofanya kazi kwa saa nyingi huendelea kuchukua sukari kutoka kwenye damu ili kujaza akiba yake, na hali hiyo yaweza kudumu hadi saa 24. Kwa sababu hiyo, sukari inaweza kushuka mno usingizini. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa.

Kabla ya safari, mgonjwa ashauriane na mtoa huduma kuhusu kurekebisha dozi. Asikisie mwenyewe wala asiache insulini. Jioni ale chakula chenye wanga, na apime sukari kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, anywe gramu 15 za sukari, yaani takribani vijiko vinne vya chai katika maji, kisha apime tena baada ya dakika 15.

Insulini isikae juani. Ifungwe katika mfuko usiopitisha maji, kisha izungushiwe kitambaa chenye unyevu.

Safari ya kwanza iwe ya usiku mmoja, karibu na kituo cha afya, pamoja na mwenzi anayezijua dalili hizo. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe wala kulishwa chochote. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja.