MSUMENO WA STIMA: MASHINE NI YA KIKUNDI, MKONO NI WAKO



Kwa vile stima imefika vijiji vingi, vikundi kadhaa vimejinunulia msumeno wa cheni unaotumia stima. Ni mashine nzuri kwa kazi ya karibu na nyumba, kama kukata kuni na vigogo vya mgrevilea. Haina moshi wala haitaki petroli. Lakini kwa sababu kelele yake ni kidogo, watu huizoea upesi na kuidharau. Hapo ndipo vidole hupotea.

1. Toa plagi kwanza
Kabla ya kugusa cheni kwa sababu yoyote, iwe ni kukaza, kunoa au kuondoa kijiti kilichokwama, toa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Mtu anaweza kuigusa bila kujua. Na ukiachilia swichi, ngoja cheni isimame kabisa kabla ya kuweka mashine chini.

2. Waya
Stima yetu ni ya voliti 240, nayo inaua. Waya mwembamba wa taa ukivutwa mbali, nguvu hupungua njiani na mota huungua. Tumieni waya wa milimita za mraba 1.5 kwa mita kama 25, na wa 2.5 mkienda mbali zaidi. Ukunjueni wote, maana ukibaki umeviringwa hupata moto. Upite nyuma ya mkataji, mbali na cheni. Waya uliochubuka usifungwe na karatasi ya nailoni, ubadilishwe. Fundi wa stima awawekee swichi ya kinga, ile inayokata stima mara inapovuja. Mvua ikinyesha, kazi iishe.

3. Cheni na oili
Cheni mpya hurefuka haraka, kwa hivyo ikagueni mara kwa mara. Ikiwa imepoa, iguse bapa upande wa chini bila kuning'inia, na bado iweze kuzungushwa kwa mkono wenye glavu.

Kila mara jazeni oili safi. Kujua kama inafika, elekezeni ncha juu ya katoni bila kuigusa, kisha washeni: mstari wa oili utaonekana. Tukitembelea vikundi, mara nyingi tunakuta oili chafu iliyotolewa kwenye gari. Hiyo si akiba. Ina chembe za chuma zinazokula bapa, na inadhuru ngozi.

4. Kunoa
Msumeno mkali hutoa vibanzi; ukitoa unga, umekuwa butu. Mkataji wa msumeno butu husukuma kwa nguvu, na huko ndiko kuteleza. Tumieni tupa ya mviringo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, bila kurudisha ikiwa imegusa jino. Kila jino lipate idadi sawa, la sivyo msumeno utakata kombo.

5. Teke la msumeno
Sehemu ya juu ya ncha ya bapa ikigusa mti, msumeno huruka ghafla kuelekea usoni. Shika kwa mikono yote miwili, kidole gumba cha kushoto kikizunguka mshiko wa mbele. Simama kando kidogo ya mstari wa bapa. Usikate juu ya mabega wala ukiwa kwenye ngazi. Vaa miwani ya kukinga macho na viatu vigumu. Lesso na mikono mipana ya nguo viachwe nyumbani.

Ajali ikitokea
Mtu akinaswa na stima, msimguse. Zimeni swichi kuu kwanza. Aliyekatwa, bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi bila kuachilia, na mkimbizeni hospitali.

Cheni iliyokatika hununuliwa kwa mchango wa kikundi. Mkono uliokatika hakuna mchango utakaourudisha. Kwa hivyo chagueni watu wawili waliofundishwa, na wengine wasiiguse, hata mwenyekiti.

Maswali ya kuzungumzia mkutanoni
- Ni nani kati yetu amefundishwa, na nani huitumia bila kufundishwa?
- Mashine hulala wapi, na je, watoto wanaifikia?
- Katika mchango wetu, tumetenga pesa za tupa, oili na miwani?