India na China: Majirani wasioachana (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye vita vya Himalaya vya mwaka 1962. Leo tuanzie Mwananyamala, kwenye maduka ya dawa yaliyoizunguka hospitali ya rufaa ya mkoa. Vidonge vingi vinavyouzwa pale vimetengenezwa India. Lakini India nayo huagiza China sehemu kubwa ya malighafi ya dawa zake. Kidonge kimoja kina mikono ya majirani wawili, na majirani hao waliuana Juni 15, 2020 katika bonde la Galwan.

Tukio lile tulieleze taratibu. Mpaka wa nchi hizi haujawahi kukubaliwa. Upo mstari wa udhibiti tu, na kila upande una yake kuhusu unakopita. Mwaka 1996 walikubaliana wasifyatuliane risasi karibu nao. Ndiyo maana usiku ule askari wa madola mawili yenye silaha za nyuklia walipigana kwa marungu na mawe. Wahindi 20 walikufa. China baadaye ilikiri kupoteza wanne. Wiki mbili baada ya mapigano hayo India ikapiga marufuku programu 59 za Kichina, TikTok ikiwemo. Kijana wa bodaboda wa Komakoma, mwenye Boxer ya India na simu ya Kichina, hutazama TikTok akisubiri abiria; mwenzake wa Mumbai hana ruhusa hiyo.

Biashara, hata hivyo, haikukatika. Imepita dola bilioni 100 kwa mwaka, na India hununua zaidi kuliko inavyouza. Kwangu mimi, kiini cha uhusiano wao kiko hapo: India inamhofia jirani ambaye viwanda vya India yenyewe vinamtegemea. Oktoba 2024 walipatana kuhusu doria za mpakani, Modi wa India na Xi Jinping wa China wakakutana Kazan, Urusi. Mpaka wenyewe bado haujachorwa.

Ushindani huo umeshatufikia. Katikati ya mwaka 2024 majeshi ya China, Tanzania na Msumbiji yalifanya mazoezi nchini mwetu yaliyoitwa Amani na Umoja. Aprili 2025 manowari za India zikatia nanga Dar es Salaam kwa mazoezi ya AIKEYME, jina la Kisanskriti lenye maana ya umoja vilevile. Kuwapokea wote ni sahihi. Kinachonisikitisha ni kwamba tunazijua bidhaa zao kuliko tunavyozisoma siasa zao.

Wiki ijayo tutaiacha milima, tushuke baharini: kambi ya China ya Jibuti, iliyofunguliwa mwaka 2017, na namna India inavyoitazama.