Mtoto wa Tembo Alikufa kwa Nini?



Sisi tunaohudumia wodi ya watoto tunalijua swali la mama aliyefiwa: "Jana alikuwa anacheza. Amekufa kwa nini?" Jibu lisipopatikana, watu hujitungia lao, na mara nyingi jibu hilo hubeba jina la jirani. Mwezi huu tutawasimulia jinsi swali hilo hilo lilivyoulizwa juu ya mtoto wa tembo, na kazi iliyofanyika kulijibu.

Kifo cha Kumari

Mwezi Desemba 1993 alizaliwa tembo jike katika bustani ya wanyama ya taifa huko Washington, Marekani. Alikuwa tembo wa Asia, akaitwa Kumari. Mwezi Aprili 1995, akiwa na miezi 16 tu, aliugua ghafla akafa. Mzoga ulipopasuliwa, moyo na viungo vingine vilionekana vimevia damu. Kwa darubini, kuta za mishipa midogo ya damu zilionyesha dalili za virusi.

Walioshughulikia jambo hilo ni pamoja na daktari wa mifugo Laura Richman na mtaalamu wa magonjwa wa bustani hiyo, Richard Montali. Baadaye Richman alilifanya kuwa somo la shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akiwa pamoja na Gary Hayward, bingwa wa virusi vya jamii ya herpesi. Tasnifu yake ni ya mwaka 2003. Hesabuni wenyewe: tangu kifo cha Kumari ilikuwa imepita miaka minane.

Mwanafunzi wa namna hii anaishije?

Shahada ya uzamivu ndiyo ya juu kabisa chuoni. Mwanafunzi hupewa msimamizi, naye huchagua swali moja ambalo bado halina jibu, akakaa nalo kwa miaka. Wengi wetu tukisikia mtu anatafiti tembo, tunamwona porini na darubini ya macho. Lakini anayetafiti ugonjwa hukaa sana maabarani, kati ya majokofu na vichupa. Sampuli haziji kwa ratiba yake. Huja siku mnyama anapougua au anapokufa, nazo zisipotunzwa vizuri huharibika.

Kazi nyingine ni kusoma yaliyoandikwa na waliotangulia. Huko Uswisi, kwa mfano, mwaka 1990 wataalamu walikuwa wameeleza kifo cha tembo mdogo kilichofanana na hicho. Afrika ya Kusini, mwaka 1971, dalili za virusi vya herpesi zilionekana katika mapafu ya tembo wa porini. Vipande vya nyama vilivyohifadhiwa tangu zamani navyo vilitolewa na kupimwa upya.

Virusi vyenyewe viligoma kuoteshwa maabarani. Ikabidi vitafutwe kwa njia ya vinasaba. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1999.

Dawa ya binadamu yamponya tembo

Jamii ya herpesi mnaifahamu. Tetekuwanga ya watoto na mkanda wa jeshi wa watu wazima hutokana na kirusi kimoja cha jamii hiyo. Hukaa kimya mwilini miaka mingi. Tembo wazima nao hubeba virusi vyao bila kuugua. Wanaoangamia zaidi ni wadogo wa mwaka 1 hadi 8, kinga waliyopata kwa mama inapopungua. Kichwa huvimba, ulimi hugeuka rangi ya bluu, na kifo chaweza kuja ndani ya siku moja au chache.

Mwaka 1997, kabla hata ya matokeo kuchapishwa, tembo mdogo aitwaye Chandra aliugua huko Missouri. Alipewa famsiklova, dawa ya binadamu ya mkanda wa jeshi, akapona. Kumari hakuipata nafasi hiyo.

Nani alaumiwe?

Mwanzoni watafiti walidhani tembo wa Afrika ndio waliowaambukiza wenzao wa Asia walipochanganywa katika bustani. Utafiti uliofuata ulionyesha vingine. Virusi vinavyowaua zaidi tembo wa Asia ni vya kwao wenyewe, na vimewaua watoto wa tembo hata katika misitu ya India. Tembo wa Afrika wana aina zao, nazo mwaka 2019 ziliua wawili katika bustani ya Indianapolis. Mgeni alinyoshewa kidole bure. Kilichomwondolea lawama ni vipimo.

Kazi bado inaendelea. Mwezi Juni 2024 bustani ya Houston, pamoja na Chuo cha Tiba cha Baylor, ilimchanja tembo aitwaye Tess chanjo mpya ya ugonjwa huu. Alikuwa wa kwanza kuipata.

Tujifunze nini nyumbani?

1. Mtoto mwenye homa, degedege, anayepumua kwa shida au anayekataa kunyonya, aletwe hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kesho.

2. Tukiomba damu kidogo ya kupima, msiogope. Bila kipimo tunabahatisha, na dawa ya kubahatisha yaweza kuwa si yake.

3. Tunzeni kadi ya kliniki. Maandishi ya zamani husaidia, kama yalivyosaidia kwa tembo.

4. Msiba ukitokea, njooni mtuulize chanzo chake. Tutawaeleza tunachokijua, na tusichokijua tutasema hatukijui. Msimtaje jirani.

5. Mna kijana anayependa kuuliza "kwa nini"? Msimkemee. Msaidieni asome sayansi. Huenda siku moja akatujibu swali ambalo sisi wodini tumeshindwa.

Tuonane mwezi ujao, panapo majaliwa.